Kabla tuchange pesa ya geti: shule zetu za ushago zinaendeshwa aje, na mbona matokeo yako vile yako

@MwanaUmoja (mwanzilishi wa uzi)

Wadau, hii itakuwa ndefu kiasi, vumilieni. Chama chetu cha watu wa nyumbani hapa Nairobi kimekubaliana mchango wa mwaka huu uende kwa shule za ushago, na wengi wanataka tujenge geti na tupake rangi ile primary tulisomea. Wanasema shule ikipendeza watoto watafanya vizuri. Mimi napinga. Napinga juu hatujakaa chini tukauliza hio shule inaendeshwa aje, nani anaajiri, nani anafuta, pesa inatoka wapi na inafika ikiwa ngapi. Kwa grupu kila mtu anauliza "tulikuwa namba ngapi," na watoto wa mwisho kufanya KCPE, ule mtihani wa zamani wa darasa la nane, walifanya 2023. Hakuna tena ile ya alama kwa mia tano. Mtoto wa gredi 9 anafanya KJSEA, ya kwanza ilikuwa 2025, anapewa kiwango kwa kila somo kuanzia EE (amezidi matarajio) mpaka BE (ako chini ya matarajio), na kupelekwa senior school hawaangalii huo mtihani peke yake, ni asilimia 60, halafu KPSEA ya gredi 6 inabeba 20 na kazi za darasani zinabeba 20. Kwa hivyo mtu akikwambia shule fulani "imeanguka" muulize anamaanisha nini hasa, somo gani, na hilo somo lilikuwa na mwalimu?

Tuanze na pesa. Elimu ya bure ilirudi Januari 2003 Kibaki akiingia, na mtoto wa primary akawekewa shilingi 1,020 kwa mwaka, 650 za vitabu na vifaa kwa akaunti ilikuwa inaitwa SIMBA, na 370 za matumizi ya kawaida. Leo ni 1,420. Hio ni ya mwaka mzima, mtoto mmoja, na ile ya 2003 ilikuwa imebaki nyuma tu mia nne. Wa JSS, yaani junior school ya gredi 7 mpaka 9, ako afadhali, 15,042 kwa mwaka.

Sasa piga hesabu na mimi. Shule ya hapa Eastlands yenye watoto 1,000 wa primary inastahili 1,420,000. Shule ya ushago yenye watoto 150 inastahili 213,000. Hio 213,000 haiji mara moja, inagawanywa asilimia 50 tamu (muhula) ya kwanza, 30 ya pili, 20 ya tatu, kumaanisha tamu ya tatu mwalimu mkuu anatarajia 42,600 na mara nyingi inachelewa. Na hata hio haitui yote kwa akaunti, tangu 2018 vitabu vya kiada vinanunuliwa na serikali na wachapishaji wanaviacha mlangoni mwa shule, kwa hivyo pesa ya vitabu imeshakatwa huko juu. Kile kinabaki ndicho kinalipa mlinzi, umeme, chaki, karatasi, bando za kupakia alama kwa mtandao wa KNEC (baraza la mitihani), kurekebisha choo, gata ya tangi.

Shida yote iko hapa: mgao unahesabu vichwa, lakini gharama zinahesabu madarasa. Gredi 1 mpaka 6 ni madarasa sita, uwe na watoto 15 kwa kila moja ama 90. Mlinzi wa shule ndogo hatalipwa robo ya mshahara juu shule ni ndogo. Choo cha wasichana na cha wavulana vyote viwili lazima viwe. Shule ndogo inaanza mwaka ikiwa na upungufu hata kabla mtu aibe shilingi moja, na sisi tukikuja Disemba tunasema mwalimu mkuu ni mzembe.

Ya pili ni walimu. Watu wengi bado wanadhani gavana ndiye anashughulika. Kaunti ni chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini, basi. Mwalimu wa primary na JSS anaajiriwa na TSC (tume ya walimu), hio iko kwa Katiba kifungu cha 237, na maamuzi yanatoka makao yake makuu Upper Hill, Nairobi. Hakuna mtu kijijini, hata bodi ya shule, ako na uwezo wa kuleta mwalimu wa serikali. Bodi inaweza tu kuandika mwalimu wake na kumlipa kutoka mfuko wa wazazi.

Kwa hivyo nauliza, ungekuwa wewe na hio pesa ya chama, ungeiweka wapi? Walimu na wazazi wenye wako ground naomba mjibu.


@ticha_jss

Mkubwa asante kwa kuleta hii maneno. Mimi niko ground, sitataja kaunti. JSS yetu iko ndani ya primary vile iliamuliwa Disemba 2022, tukaanza gredi 7 mapema 2023. Masomo yalikuwa 14, yakapunguzwa hadi 9 mwaka 2024, tukashukuru. Lakini tuko walimu watatu, masomo tisa, gredi tatu. Mimi nilisomea Hisabati na Kemia. Nafundisha Hisabati, Sayansi, Pretech (ufundi wa awali) na Kilimo, na Kilimo nasoma usiku kabla nifundishe. Mwenzangu wa Kiswahili na Dini anashika pia Sanaa na Michezo. Hatuna mtu wa Kiingereza mwenye alisomea kufundisha sekondari, anasaidia mwalimu wa primary akitoka gredi 5.

Maabara hakuna. Tukifika kutenganisha michanganyiko, ile ya chumvi na maji, naenda jikoni naomba mpishi tutumie makaa yenye amebakisha baada ya githeri, tunaweka maji ya chumvi kwa sufuria ndogo ya shule, watoto wanasimama duara, maji yanachemka yanaisha, chumvi inabaki imeganda pembeni nyeupe. Wanaelewa, tena wanaelewa vizuri sana. Lakini kwa chujio na karatasi ya kuchujia inabidi ninunue na pesa yangu, na sumaku tuko nayo moja imetoka kwa spika ya redio mbovu. Mtoto wa shule yenye iko na maabara anashika vifaa mwenyewe, wangu anaangalia kutoka safu ya tatu. Halafu mtihani ni mmoja.

Kitu kingine watu wa Nairobi hawaoni ni vile walimu wa JSS tuliingia. Wengi tuliingia kama interni, elfu ishirini kabla ya makato, unalipa nyumba na unasafiri nayo. 2024 tuligoma wiki kadhaa za tamu ya pili na watoto wakapoteza. Januari 2025 wale 46,000 wakathibitishwa kazi ya kudumu, na wengine 20,000 wakachukuliwa kwa ile interni tena. Ukiwa interni unatafuta uhamisho kichwani kila siku. Huwezi kumlaumu mtu.

Na primary pale kando kuna darasa lenye gredi 2 wanaangalia ukuta wa mashariki na gredi 3 wanaangalia wa magharibi, ubao mbili, mwalimu mmoja katikati. Akisomesha hawa kusoma silabi, wale wanafanya hesabu kimya. Huyo mama ni mfundishaji hodari kuliko wengi niliowaona mjini, lakini nusu ya kipindi ni ya kila gredi, hio haina ujanja.


@Mjengo_Kayole

Naheshimu walimu lakini wacha niseme kile watu wanaogopa kusema. Kama shule iko na watoto 15 kwa darasa mbona isiunganishwe na jirani? Kila kanisa linataka shule yake, kila mwanasiasa akiingia anafungua mpya na pesa ya NG-CDF (mfuko wa maendeleo wa eneo bunge) anaandika jina kwa ukuta, alafu kunakuwa na shule tatu nusu tupu kwa lokesheni moja na walimu wametawanywa. Unganisha, weka walimu kumi mahali pamoja, kila mtu afundishe somo lake. Hata serikali inaongea hio maneno sasa.


@mamawawili

Kayole, wewe umewahi kutembea na mtoto wa PP2 (chekechea) kilomita tatu asubuhi na kuna mto wenye unajaa Aprili? Mimi nimelelewa huko. Ukiunganisha, wakubwa watafika. Wadogo ndio watakaa nyumbani hadi wafike miaka nane, na wasichana wakubwa mama zao watawazuia wasitembee jioni. Kuunganisha bila usafiri ni kufunga tu.

Na kuna jambo la chakula hakuna mtu ametaja. Wangu wawili wanasoma public hapa Nairobi, wanakula kwa Dishi na County, shilingi tano kwa sahani, mtoto anagusisha bangili anapewa chakula moto. Hio ilianza 2023 na kwa kweli mahudhurio yalibadilika, mtoto hataki kukosa. Dadangu ako ushago, yeye kila tamu anapeleka mahindi na maharagwe kwa debe, na kuni, na pesa ya mpishi. Ikifika mwezi wa mvua mahindi yamekwisha nyumbani, mtoto anarudishwa kuchukua debe na anapoteza siku mbili. Unajua mtoto akikosa Jumatatu na Jumanne kwa darasa la kusoma silabi anarudi Jumatano amepotea kabisa.


@ticha_jss

@mamawawili umesema ukweli. Tena kisheria hakuna mtoto wa public anafaa kufukuzwa juu ya mchango. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inasema ada ya masomo hakuna, michango mingine ni mpaka waziri akubali kwa kushauriana na bodi ya elimu ya kaunti, na hata ikikubaliwa mtoto hafai kunyimwa darasa kwa kukosa kulipa. Lakini mwalimu mkuu akifuata hio neno kwa neno mpishi analipwa na nini? Ndio unaona wanaita "makubaliano ya wazazi" na yanaandikwa kwa kumbukumbu za mkutano.


@Mjengo_Kayole

Sawa hio ya mto nimeelewa. Lakini kuna shule za ushago zimefanya maajabu bila kitu. Peter Tabichi alishinda ile tuzo ya mwalimu bora duniani 2019 akiwa Keriko, Njoro huko, shule ya kutwa, kompyuta moja. Kwa hivyo si kila kitu ni pesa, mwalimu akiwa na moyo inawezekana.


@ticha_jss

Tabichi namheshimu kabisa, na alistahili. Lakini angalia kile kiliandikwa juu yake: alikuwa anatoa asilimia 80 ya mshahara kwa wanafunzi na jamii, na yeye ni Mfransisko, ameweka nadhiri, hana familia ya kulisha. Mimi niko na mtoto na mama mzee. Mfumo ukisimama kwa mwalimu mwenye anatoa mshahara wake, siku akihamishwa shule inarudi pale ilikuwa. Tupeni walimu wa kawaida wa kutosha tu. Mwalimu wa kawaida mwenye anafundisha somo alisomea, madarasa yenye hayajachanganywa, mtoto ameshiba. Mtaona.


@DadaIowa

Habari zenu wapendwa, mimi ni wa nyumbani lakini naishi Iowa, Marekani, mji mdogo wa mahindi na nguruwe, na watoto wangu wako public ya huku. Nimesoma uzi wote nikaona niwaeleze vile hawa watu wanafanya, si eti wako sawa, wako na shida zao, lakini kuna vitu vya kuiba.

Huku kuna kitu kinaitwa wilaya ya shule. Haihusiani na gavana wala meya. Wananchi wa hapo wanachagua bodi kwa kura, hio bodi inaajiri mkurugenzi, mkurugenzi anapendekeza walimu na bodi inaidhinisha. Kwa hivyo mwalimu wa hesabu akikosekana mzazi anajua nani wa kuuliza, anaenda mkutano wa bodi jioni, mkutano uko wazi kwa sheria, anapewa dakika zake anaongea na inaandikwa. Bajeti inatangazwa kabla ipitishwe. Pesa zinatoka kwa ushuru wa ardhi na nyumba za hapo, na kwa jimbo, na sehemu ndogo tu kutoka Washington. Ubaya wake ni kwamba mahali ardhi ni ya bei ya chini ushuru ni kidogo, kwa hivyo wilaya maskini inabaki maskini mpaka jimbo lijazie.

Lakini hapa ndio nataka @MwanaUmoja asikie. Majimbo mengi yameweka kwa fomula nyongeza ya shule ndogo ama ya mahali watu wameishi mbalimbali. Wamekubali kwa maandishi kwamba mtoto wa shule ndogo anagharimu zaidi. Hilo ndilo umekuwa ukisema na 213,000 yako.

Kuhusu kuunganisha, @Mjengo_Kayole, hawa walifanya hivyo kwa nguvu. Karibu 1940 Marekani ilikuwa na wilaya za shule zaidi ya 117,000, leo ni kama 13,000. Faida ilikuwako, sekondari ndogo zikapata maabara na walimu wa masomo tofauti. Lakini waliunganisha wakiwa na basi za manjano za umma zinazopita hadi mlangoni kwa mkulima, na hata hivyo kuna watoto wanakaa kwa basi saa nzima kwenda na saa nzima kurudi, na mji wenye umepoteza shule unapoteza watu. Siku hizi Iowa kuna njia ya katikati, wilaya mbili jirani zinabaki na majina yao lakini zinashiriki mkurugenzi mmoja, ama zinapeleka gredi fulani zote kwa mmoja na zingine kwa mwingine. Na walimu bado ni shida, Missouri na Colorado wilaya nyingi za mashambani zimeenda kwa wiki ya siku nne ili zivutie walimu juu mshahara hawawezi kushindana na mijini. Kwa hivyo hata hawa wenye pesa mwalimu wa mashambani anawatoroka.


@ticha_jss

Dada hio ya kushiriki imenigusa. Sisi na JSS jirani ni kama dakika arobaini kwa mguu, pikipiki ni dakika kumi. Wao wako na mwalimu wa Kiingereza, mimi ni wa Hisabati. Tumekuwa tukibadilishana Jumanne na Alhamisi kwa makubaliano ya wakuu wawili. Kitu kinavunja mpango ni nauli ya pikipiki, hakuna mfuko unaruhusu. Pesa kidogo sana hio, na ingeokoa watoto wa shule mbili.


@KatibuWaZamani

Nimekaa kwa bodi ya shule kama mwakilishi wa wazazi, wacha niongeze upande wa usimamizi juu hapa ndio watu wa Nairobi mnapotea.

Bodi ya shule, ile BOM, kisheria iko na wazazi sita waliochaguliwa, mmoja wa bodi ya elimu ya kaunti, mmoja wa walimu, watatu wa mfadhili ambaye mara nyingi ni kanisa, mmoja wa makundi maalum ya jamii, na mmoja wa watu wenye mahitaji maalum. Mwalimu mkuu ndiye katibu. Sasa fikirieni, katibu ndiye anaandika ajenda, ndiye anaandika kumbukumbu, ndiye anajua mgao umeingia lini, na wajumbe wengi ni wazee na akina mama wenye hawajawahi kufunguliwa daftari la hesabu. Si kwamba wakuu wote ni wabaya, wengine wanatafuta mtu wa kusaidia kufikiria na hawapati. Mkutano unaanza saa nne unafika saa sita, hesabu zinasomwa haraka, "tumepokea, tumetumia, baki ni hii," watu wanapiga makofi wanaenda kula. Niliomba tuone stakabadhi za bati, tukakuta bati ni halali kabisa ila zilinunuliwa kwa duka la bei ya juu kwa sababu ndilo pekee lilikubali kukopesha shule ikingoja mgao. Unaona? Mgao ukichelewa, shule inanunua kila kitu kwa bei ya deni. Hio haionekani Nairobi.

Lakini wizi pia uko, tusidanganyane. Mkaguzi Mkuu Nancy Gathungu alifanya ukaguzi maalum, 2025 ikatoka kwamba kwa miaka minne shule zilipewa pungufu ya bilioni 117 ya kile zilistahili, na wakati huohuo shule 33 zenye hazipo zilikuwa zinapewa pesa. Mambo mawili pamoja: shule ya kweli inanyimwa, shule ya hewa inalipwa. Na Julai 2025 waziri wa fedha Mbadi akaambia wabunge kwamba hata ile 22,244 kwa mwaka ya mtoto wa sekondari serikali haiwezi kuifikisha yote.

Sasa nifike kwa kile nilikuja kusema. Vyeti vya kuzaliwa. Mgao unafuata mtoto mwenye amesajiliwa kwa mfumo wa wizara, NEMIS, na sasa wanahamia KEMIS. Kusajiliwa ilikuwa inataka namba ya cheti cha kuzaliwa. Huko kwetu kuna watoto wamezaliwa nyumbani, wengine wanalelewa na nyanya, mama ako Nairobi ama Mombasa, cheti hakuna. Mtoto ako darasani, anakula githeri, anakalia dawati, lakini kwa mfumo hayuko. Kila mtoto kama huyo wa primary shule inapoteza 1,420, na wa JSS inapoteza 15,042. Watoto kumi wa JSS wasio na vyeti ni 150,420 kwa mwaka, na unajua hio ni karibu mshahara wa mwalimu wa bodi mwaka mzima kwa vile tunawalipa huko. Hakuna geti la kufikia hio.


@mamawawili

Woi. Mtoto wa dadangu mkubwa ako hivyo kabisa, alizaliwa hapa hospitali ya Pumwani na karatasi ya kwanza ilipotea wakati walihamia ushago. Hata sikujua inaumiza shule, nilidhani ni shida ya mtihani tu.


@KatibuWaZamani

Inaumiza wote dada. Na huyo wako ni rahisi, kama alizaliwa hospitali rekodi iko. Mtu mwenye ako Nairobi ndiye anaweza kufuatilia, nyanya yake hawezi kutoka ushago kuja kupanga foleni huku. Hio ni kazi chama kinaweza.


@Mjengo_Kayole

Hapo mmenibadilisha mawazo kiasi. Lakini swali, chama kikitoa pesa ya mwalimu wa bodi tutajuaje haijaingia mfukoni? Na mwaka ujao tukikosa je? Mwalimu anafutwa katikati ya tamu?


@MwanaUmoja

Maswali mazuri na yote nimekuwa nikiyafikiria nikisoma majibu yenu. Hivi ndivyo naona, na nitapeleka kwa chama vile ilivyo.

Geti tuachane nalo. Rangi pia. Hata basi ya shule yenye mtu mmoja wa chama alipendekeza, basi inataka dereva, bima, mafuta, shule ya 213,000 haiwezi kuilisha hata mwezi.

Kwanza ni vyeti, juu hio ni pesa ya serikali yenyewe imelala huko na inarudi kila mwaka bila sisi kuchanga tena. Tunaomba wakuu wa shule idadi ya watoto wenye hawako kwa mfumo, majina yasipelekwe kwa grupu tafadhali, ni watoto. Kila mzazi mwenye ako Nairobi anatafutwa na mtu mmoja wa chama.

Pili ni ile ya @ticha_jss, nauli ya kubadilishana walimu. Ni pesa ndogo mpaka naona aibu kwamba tulikuwa tunajadili chuma za geti. Inalipwa moja kwa moja kwa mwenye pikipiki kwa M-Pesa kila wiki, wakuu wawili wanatuma ratiba ya vipindi vyenye vimefundishwa. Hapo @Mjengo_Kayole umejibiwa, hakuna mfuko wa kuingia.

Mwalimu wa bodi nitapendekeza lakini kwa masharti: pesa ya mwaka mzima iwe imekusanywa kabla aanze Januari. Ikiwa haijafika hatumwajiri. Kumwahidi kijana kazi na kumwacha Juni na watoto wakiwa katikati ya somo ni ukatili kwa wote. Na gredi 2 na 3 ndio wapewe huyo mwalimu, si gredi 9. Najua wengi watataka gredi 9 juu ndio kuna mtihani. Mtoto akifika gredi 4 kama hawezi kusoma ukurasa, hakuna mwalimu wa gredi 9 atamwokoa, na zile 20 za KPSEA zitakuwa zimeenda akiwa gredi 6.

Kuhusu bodi, uchaguzi wa wawakilishi wa wazazi ukikuja, wenye tuko na watoto kwa hizo shule ama tunalipia wa ndugu zetu tusafiri tuwe hapo. Tukiwa hatuko, basi tuombe hesabu. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inampa kila raia haki ya kuomba, na ofisi ya umma inafaa kujibu kwa siku 21. Lakini naomba tuanze kwa kupiga simu kwa heshima, "mwalimu, mgao uliingia lini na ulikuwa ngapi, mnadaiwa na nani." Vile Katibu amesema, wengine wanangoja tu mtu awaulize.

Na lile la fomula, ile dada ametuletea kutoka Iowa, hilo si la chama, ni la mbunge. Shule ndogo ipewe kiasi cha msingi cha kuendesha madarasa yake kwanza, halafu ndio vichwa vihesabiwe juu yake. Mbunge wetu akikuja kutuomba kura hapa Nairobi, vile huwa wanakuja kwa hoteli pale Ngara, hilo ndilo swali la kwanza.


@ticha_jss

Gredi 2 na 3. Asante kwa kusema hivyo, huyo mama mwenye ubao mbili nitamwonyesha hii.


@DadaIowa

Mimi nitachukua nauli ya pikipiki ya tamu moja. Nitumie namba ya mweka hazina wa chama inbox. Na tafadhali hio ratiba ya vipindi itumwe hata kwangu, nataka kuona Kiingereza kimefundishwa.


@KatibuWaZamani

@MwanaUmoja jambo moja kwa vyeti. Msiombe shule orodha kwa simu, mwalimu mkuu ataogopa kwamba mnamchunguza kama zile shule za hewa. Mwandikie barua yenye muhuri wa chama, sema wazi mnataka kuongeza mgao wake. Nakala ipelekwe kwa mwenyekiti wa bodi. Chifu pia ahusishwe mapema, wale waliozaliwa nyumbani barua yake itahitajika.


@MwanaUmoja

Sawa Katibu. Barua naandika leo usiku naweka hapa mniangalilie kabla ya mkutano wa Jumapili. @mamawawili anza na huyo wa Pumwani, utuambie foleni iko aje na wanaitisha nini, ndio tuwaelekeze wale wengine.